Sukari Mlangoni mwa Hamira

Katika shule nyingi za sekondari, somo la uchachukaji huanza na kwisha kwa mstari mmoja wa kemia:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Molekuli moja ya glukosi hutoa molekuli mbili za alkoholi na molekuli mbili za kaboni dioksidi. Mwanafunzi huunakili mstari huo, huukariri, na siku ya mtihani hupata alama zake. Mlingano wenyewe si wa uongo. Tangu Gay-Lussac wa Ufaransa alipoandika hesabu yake mwaka 1815, wanakemia wameisahihisha na kuithibitisha mara nyingi, na hakuna anayeitilia shaka leo. Lakini kwa mtu anayejifunza biolojia mlingano huo una upungufu mkubwa: ndani yake hamna kiumbe. Sukari iko upande wa kushoto wa mshale, alkoholi na hewa ziko upande wa kulia, na hamira, ambayo ndiyo mtenda kazi, haikutajwa popote.

Matokeo ya upungufu huo huonekana mara swali linapotoka nje ya kitabu. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini hamira iliyotiwa katika maji ya sukari hufura na kutoa povu, ilhali ikitiwa katika maziwa mabichi yaliyochemshwa na kupozwa hukaa kimya, hushindwa kujibu. Maziwa nayo yana sukari, tena si haba: kiasi cha gramu 45 hadi 50 katika kila lita. Kwa mwanafunzi aliyefundishwa kwa mstari mmoja, sukari ni sukari. Akibanwa aeleze sukari huingiaje ndani ya seli, mara nyingi hutaja osmosisi, neno ambalo halihusu sukari hata kidogo, kwa kuwa osmosisi ni mwendo wa maji. Kosa hilo si la mwanafunzi. Hakuna aliyempitisha mlangoni. Alitupwa moja kwa moja jikoni.

Yafaa basi kuanzia mlangoni. Seli ya hamira ni ndogo sana, kipenyo chake ni kati ya milimita 0.005 na 0.01. Kwa nje imezungukwa na ukuta mgumu ambao molekuli ndogo hupenya bila taabu. Ndani ya ukuta huo kuna utando mwembamba uliojengwa kwa mafuta, na hapo ndipo penye mpaka wa kweli. Molekuli ya sukari hupenda maji na huyakwepa mafuta. Ikiachwa peke yake haiwezi kuuvuka utando huo kwa kasi yoyote ya maana. Kila chembe ya sukari inayochachuliwa, iwe katika donge la maandazi au katika pipa la kiwanda, haina budi kupita katika protini maalumu zilizochomekwa ndani ya utando. Protini hizo za uchukuzi ndizo milango ya seli. Sukari isiyo na mlango wake haichachuliwi, hata ikijaa tele nje.

Kwa nini basi milango hiyo imesahauliwa madarasani? Sehemu ya jibu imo katika historia ya elimu yenyewe. Pasteur, katika maandishi yake ya miaka ya 1857 hadi 1876, alisisitiza kwamba uchachukaji ni kazi ya seli zilizo hai. Ndipo mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alipoisaga hamira kwa mchanga, akaikamua kwa shinikizo kubwa, akapata utomvu usio na seli hata moja. Alipoutia sukari, utomvu huo ulichemka na kutoa hewa. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907, na ulistahili, kwa sababu uliufungua mlango wa elimu ya vimeng'enya. Wataalamu waliofuata walitumia utomvu wa namna hiyo kuhesabu hatua zote zinazoigeuza glukosi kuwa alkoholi. Lakini Buchner alipozisaga seli aliuvunja pia utando. Njia ya kemia inayochorwa leo katika vitabu vya shule ilipimwa kwa sehemu kubwa katika supu isiyo na kuta wala milango, na suala la sukari kuingia likabaki nje ya picha. Kilichokuwa mbinu ya maabara kimegeuka kuwa maelezo ya kiumbe.

Elimu ya leo imekwisha kuirudisha milango mahali pake. Hamira ya mikate na ya bia, yaani Saccharomyces cerevisiae, ilisomwa jeni zake zote ifikapo mwaka 1996, ikiwa ya kwanza miongoni mwa viumbe wenye seli zenye kiini. Ndani yake zilionekana jeni zipatazo ishirini za jamii moja ya milango ya glukosi na sukari zinazofanana nayo. Ilidhaniwa kwamba nyingi ni za ziada tu. Mwaka 1999 watafiti nchini Ujerumani waliziondoa moja baada ya nyingine, na ikawabidi waondoe jeni zisizopungua 20 ndipo hamira ikashindwa kabisa kuchukua glukosi. Hamira hiyo ilikuwa na vimeng'enya vyake vyote vya kuchachua. Ilikaa katikati ya glukosi bila kuweza kukua.

Milango mingi kiasi hicho ina sababu. Sukari ikiwa nyingi, seli hutumia milango mipana, ambayo hufikia nusu ya kasi yake pale tu glukosi inapokuwa gramu 18 hivi kwa lita. Sukari ikipungua, milango hiyo huondolewa na mingine ya namna tofauti kujengwa, inayoshika glukosi kwa nguvu zaidi na kufikia nusu ya kasi yake kwenye gramu 0.2 hivi kwa lita. Ajabu zaidi, katika utando huohuo zimo protini mbili zenye umbo la mlango ambazo hazipitishi sukari. Kazi yake ni kuitambua glukosi iliyoko nje na kuijulisha seli ni milango ipi ijengwe. Glukosi yenyewe hupita bila malipo: hutoka penye wingi kwenda penye uhaba, na kwa kuwa ndani ya seli hutumiwa papo hapo, nje daima ni kwingi kuliko ndani. Fruktosi, ndugu yake aliyemo katika matunda, hupita milango ileile, lakini glukosi hupewa nafasi ya kwanza.

Sukari ya mezani ni sukrosi, na mambo yake ni mengine. Kila molekuli ya sukrosi ni glukosi moja iliyoungana na fruktosi moja. Hamira haisumbuki kuiingiza nzima: kati ya ukuta na utando imeweka kimeng'enya kinachoitwa invatesi, nacho huikata sukrosi nje ya utando, kisha vipande viwili huingia kila kimoja kwa mlango wa kawaida. Ndiyo maana sukari ya mezani huchachuka karibu sawa na glukosi. Wapishi wa maandazi wanajua kwamba donge lililotiwa sukari kupita kiasi huumuka polepole. Sababu yake ni kwamba sukari nyingi huyavuta maji kutoka katika seli, na invatesi huzidisha tatizo, kwa maana kila molekuli moja iliyokatwa huwa mbili.

Maltosi ndiyo inayopaswa kupewa muda mrefu zaidi darasani, ingawa kwa kawaida hutajwa kwa jina tu. Ni sukari inayotokana na kuvunjwa kwa wanga, na ni glukosi mbili zilizoungana. Hiyo hukatwa ndani ya seli, kwa hiyo lazima iingie nzima, na mlango wake si wa bure. Kila molekuli ya maltosi huingia ikiandamana na ioni moja ya hidrojeni, na seli haina budi kuisukuma ioni hiyo nje tena kwa pampu inayotumia nishati. Hesabu yake ni nyepesi na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaimudu. Glukosi moja ikichachuliwa huipa seli faida ya ATP 2. Maltosi, kwa kuwa ni glukosi mbili, ingetoa 4. Pampu inadai ATP 1 kwa kila ioni. Zinabaki 3. Robo ya pato imelipwa mlangoni.

Kiumbe kinacholipa ushuru namna hiyo hakiwezi kuacha mlango wazi ovyo. Glukosi ikiwapo, hamira huzinyamazisha jeni za maltosi, na milango ya maltosi iliyokwisha kujengwa huvutwa ndani na kuvunjwa. Glukosi inapokwisha ndipo kazi ya kuijenga upya huanza, na huchukua muda. Waoka mikate huiona hali hiyo katika donge lisilotiwa sukari: hewa hutoka kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua kwa kitambo, halafu huongezeka tena. Mwoka mikate asiyejua huidhani hamira yake imekufa, naye huongeza nyingine. Haikufa, inabadilisha milango.

Sasa maziwa. Sukari yake ni laktosi, na hamira ya mikate haina mlango wa laktosi wala kimeng'enya cha kuikata. Kipi kati ya viwili hivyo ndicho kizuizi? Swali hilo lilijibiwa kwa majaribio yanayostahili kuingia katika kila kitabu cha kidato cha tano. Ipo hamira nyingine, Kluyveromyces lactis, inayoitumia laktosi bila shida. Mwaka 1980 ilichapishwa habari ya jeni yake ya kimeng'enya kuhamishiwa katika hamira ya mikate. Hamira ilikitengeneza kimeng'enya hicho vizuri, lakini haikuweza kukua kwa laktosi: kisu kilikuwa ndani na nyama ikabaki nje. Mwaka 1985 watafiti wawili nchini Marekani, Sreekrishna na Dickson, waliongeza jeni ya pili, ile ya mlango. Hapo hamira ya mikate ikaanza kuila laktosi.

Wanga haukatazwi mlangoni tu, bali hauwezi hata kuukaribia, kwa kuwa molekuli zake ni kubwa mno, na hamira ya kawaida haitoi kimeng'enya cha kuuvunja. Hapo ndipo elimu ya wazee inapoingia, na ni jambo la kusikitisha kwamba shule huipita bila kuitazama. Anayepika togwa Songea au Iringa hupika uji wa mahindi, huuacha upoe kidogo, kisha hutia unga wa kimea cha ulezi au cha mtama. Baada ya saa chache uji huo uliokuwa mzito huwa mwepesi na mtamu, bila sukari ya dukani. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake. Mpishi anaviazima ili viuvunje wanga wa uji kuwa maltosi. Wachaga, katika kutengeneza mbege, huunganisha njia mbili: ndizi mbivu, ambazo wanga wake umekwisha kugeuka kuwa glukosi, fruktosi na sukrosi katika kuiva, na kimea cha ulezi kinacholeta maltosi. Sukari za ndizi huingia kwanza na za kimea hufuata. Mgema wa mnazi hahitaji kimea, kwa sababu utomvu wa mnazi ni sukrosi tangu mwanzo, na huanza kuchachuka ungali katika kibuyu juu ya mti. Watu hawa watatu hawakusoma habari za utando, lakini kila mmoja amepanga kazi yake kulingana na milango ya hamira. Mwalimu anayedai kwamba hana vifaa vya kufundishia uchachukaji anasema hivyo katika nchi iliyojaa vifaa hivyo.

Majaribio yenyewe ni rahisi. Zinahitajika chupa tupu za soda za nusu lita, puto za watoto, hamira ya pakiti na maji ya vuguvugu. Chupa ya kwanza itiwe maji na glukosi ya pakiti. Ya pili maji na sukari ya mezani kwa uzito uleule. Ya tatu maji matupu. Ya nne maziwa mabichi yaliyochemshwa na kupozwa. Yasitumike maziwa yaliyoganda, kwa sababu bakteria wamekwisha kuivunja laktosi yake. Kila moja itiwe kijiko kimoja cha chai cha hamira, ivikwe puto, iwekwe mahali penye joto, na upana wa puto upimwe kwa uzi kila baada ya dakika kumi. Chupa mbili za kwanza zitakwenda karibu pamoja. Maji matupu na maziwa hayatatoa hewa ya kutajika.

Wengi huishia hapo, na huko ni kuacha jaribio katikati. Mwanafunzi makini ana haki ya kusema kwamba labda kuna kitu katika maziwa kilichoiua hamira. Hakuna maneno ya mwalimu yanayoweza kumjibu. Chupa ya tano ndiyo inayoweza: maziwa yaleyale, hamira ileile, na kijiko cha sukari ya mezani. Puto likijaa, hamira haikufa. Nusu saa hiyo humfundisha kijana maana ya jaribio la ulinganifu kuliko ukurasa mzima wa ufafanuzi.

Siku ya pili ni zamu ya kimea. Upikwe uji wa mahindi na ugawanywe mafungu mawili. Ukishapoa kiasi cha kuvumilika mkononi, fungu la kwanza litiwe unga wa kimea cha ulezi, na la pili kiasi kilekile cha kimea kilichokwisha kuchemshwa. Yote yaachwe saa mbili, kisha yachemshwe upya na kupozwa kabla ya kutiwa hamira, ili bakteria waliokuja na kimea wasichangie hewa yao. Kuchemsha kimea cha fungu la pili kuna maana: sukari iliyokuwamo ndani yake tangu awali inabaki, ila vimeng'enya vimeharibika. Tofauti ya puto mbili, basi, ni kazi ya vimeng'enya, wala si ya sukari iliyoletwa na kimea. Mahali ambapo wazazi au viongozi wa dini hawapendi habari za pombe, jaribio hili halina la kuwaudhi. Chupa zikishapimwa humwagwa, na jina la togwa linatosha.

Itasemwa kwamba vipindi ni vichache na mtihani hauulizi milango. Hoja ya kwanza ni nyepesi, kwa kuwa somo linalofutika wiki moja baada ya mtihani limepoteza vipindi vingi zaidi. Hoja ya pili ni nzito, na lawama yake haimwangukii mwalimu. Mtihani unaoridhika na mstari mmoja wa kemia ndio unaomfanya mwalimu mwenye bidii aonekane mpotezaji wa wakati. Watungaji wa maswali wangeweza kubadilisha hali hiyo kwa swali moja tu: watoe vipimo vya puto vya chupa tano na wamtake mtahiniwa aeleze kila kimoja. Swali la namna hiyo halikaririki.

Wala si suala la alama peke yake. Viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na Arusha Chini hubakiwa na vitu viwili baada ya miwa kukamuliwa. Molasi ina sukrosi, glukosi na fruktosi, ambazo hamira huzichukua zote, na kwa hiyo kuigeuza kuwa alkoholi ni kazi iliyozoeleka. Makapi ya miwa ni habari nyingine. Hata nyuzi zake zikivunjwa kwa asidi au vimeng'enya, sehemu kubwa ya sukari inayopatikana ni zailosi, yenye kaboni tano, na hamira ya kawaida haiwezi kuichachua. Mwaka 1993 Nancy Ho na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliipa hamira jeni za kuitumia zailosi. Kemia ya ndani ilipopata dawa, tatizo likahamia mlangoni: zailosi haina mlango wa kwake katika hamira, hupitia milango ya glukosi kwa shida, na kila glukosi inapokuwapo hulazimika kusubiri nje. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiibadilisha milango hiyo, jeni kwa jeni, wakitafuta mlango mmoja utakaoipokea zailosi bila kuzuiwa na glukosi. Kijana wa Kilombero anayeyaona makapi hayo kila msimu, na aliyefundishwa kwamba uchachukaji ni mshale kutoka sukari kwenda alkoholi, hana njia ya kuielewa kazi hiyo hata akisimuliwa. Aliyeona puto la maziwa likikataa kujaa, kisha likajaa kwa kijiko kimoja cha sukari, amekwisha kufika nusu ya njia.